Kufundishana Msimbo: Masomo ya Wenza katika Jumuiya za Blokcheni

Blokcheni ni daftari la miamala ambalo halitunzwi na benki wala ofisi yoyote, bali nakala zake zimo katika kompyuta nyingi ambazo, kwa kanuni zilizoandikwa ndani ya programu, hukubaliana ni muamala upi uingie na upi ukataliwe. Kwa kuwa kanuni hizo ni msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza kama yalivyoandikwa bila kujali mwandishi alikusudia nini, anayetaka kuuelewa mfumo huo kwa hakika hana budi kuusoma msimbo wenyewe. Na kwa kuwa mfumo hauna mwajiri, hauna idara ya mafunzo wala mkuu wa shule, kazi ya kumfikisha mgeni mahali pa kuusoma huwaangukia wale waliomtangulia hatua chache tu. Bitcoin, ambayo ndiyo sarafu ya kwanza ya aina hiyo, ilianza kufanya kazi Januari 2009, na mwandishi wake aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hata leo haijulikani kama alikuwa mtu mmoja au kikundi, alikuwa amekwisha kujitenga na mradi kufikia mwaka 2011, bila kuacha kitabu cha kiada wala mtu wa kukalia kiti chake. Tangu hapo watu wa fani hii wamekuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Kwamba wenza wanaweza kufundishana si jambo la kubishaniwa. Linalohitaji kuchambuliwa ni kwa nini mafunzo mengi ya namna hiyo hufa mapema. Mkondo wake unajulikana kwa yeyote aliyewahi kuyaona kwa karibu: kundi la gumzo linafunguliwa, darasa linatangazwa, majina yanamiminika wiki ya kwanza, na baada ya miezi miwili anabaki msimamizi aliyechoka na watu watatu ambao tangu mwanzo hawakuhitaji kufundishwa. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu ni wavivu au kwamba somo ni gumu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu katika fani hiihii yapo makundi yaliyodumu miaka kadhaa yakisoma mambo magumu zaidi. Tofauti kati ya yanayodumu na yanayokufa inaonekana kutokana na mambo mawili: kitu kinachowekwa katikati ya mkutano, na umbali uliopo kati ya fedha na mlango wa darasa.

Lakini kwanza ni lazima ieleweke kwa nini msimbo wa blokcheni haufundishwi kama msimbo wa tovuti ya duka. Kasoro ya tovuti hurekebishwa usiku na asubuhi wateja hawana habari. Kasoro ya blokcheni hugusa mali ya watu papo hapo, na mara nyingi haina wa kuirudisha nyuma. Agosti 2010 muamala mmoja uliotumia vibaya namna programu ya Bitcoin ilivyojumlisha tarakimu kubwa ulizalisha sarafu zaidi ya bilioni 184 katika mfumo uliopangiwa usizidi milioni 21, na ilibidi programu mpya isambazwe ndani ya saa chache na sehemu ile ya daftari itupwe. Juni 2016, katika blokcheni ya Ethereum, mtu asiyejulikana alichota takriban sarafu milioni 3.6 za mfumo huo, ziitwazo ether, kutoka mfuko uitwao The DAO, uliokuwa mkataba erevu, yaani programu iliyowekwa ndani ya blokcheni na kutekelezwa yenyewe masharti yakitimia. Mkataba ule ulikuwa ukimlipa mtu kabla ya kuandika kwamba amelipwa, kwa hiyo mchotaji aliweza kurudi dirishani tena na tena akilipwa salio lilelile. Jumuiya iligawanyika kuhusu tiba yake, na walioikataa wanaendelea hadi leo na mnyororo wao, yaani blokcheni yao, uitwao Ethereum Classic. Novemba 2017 ether zaidi ya 513,000 zilifungwa ndani ya pochi za Parity, yaani programu za kutunzia sarafu, baada ya mtumiaji mmoja kuifuta maktaba ya msimbo ambayo pochi hizo zote ziliitegemea.

Matukio hayo yana funzo la kiualimu ambalo waandaaji wengi hulipita bila kulitazama. Katika fani ambayo kosa dogo lina bei hiyo, stadi inayohitajika kwanza ni kusoma msimbo wa mwingine kwa shaka. Kuandika msimbo wa kwako kunafuata baadaye. Hata hivyo kozi nyingi zinazotangazwa mtandaoni huanza kwa kuandika: mwanafunzi anazalisha tokeni yake, yaani sarafu ndogo ndani ya blokcheni ya wengine, ndani ya saa moja, na kuondoka akiamini kwamba amekwisha kuwa mjenzi. Furaha ya saa ile ni ya kweli, na si haki kuibeza, lakini haimwandai kuligundua tundu la The DAO, ambalo lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho na lilisomwa na wengi kabla ya kuibiwa.

Kufundishana kwenyewe si uvumbuzi wa intaneti. Katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki mwanafunzi aliyesonga mbele huwasikiliza walio nyuma na kuwasahihisha kwa niaba ya mwalimu, na desturi hiyo ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 18 Andrew Bell aliutumia mpango unaofanana na huo katika kituo cha mayatima mjini Madras, naye Joseph Lancaster akafungua shule London mwaka 1798 ambamo mwalimu mmoja aliendesha mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi wasaidizi. Mifumo hiyo ilikuwa ya bei nafuu na ilieneza kusoma na kuandika, ila ilikuwa na mpaka wake: msaidizi alipitisha alichopewa, bila kukihoji. Fikra ya pili, iliyo tofauti kabisa ingawa mara nyingi huitwa kwa jina moja na ile ya kwanza, ni ile ambayo Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliianza mwaka 1991. Badala ya kuhutubia, aliuliza swali, kila mmoja akajibu peke yake, kisha akamgeukia jirani wabishane, na mwishowe wakajibu tena. Hapo mwenza hapitishi maarifa ya mwalimu. Anamlazimisha mwenzake aeleze kwa nini anaamini anachoamini, na katika kueleza ndipo upungufu hujitokeza. Mazur aligundua pia kwamba swali hufanya kazi pale tu ambapo waliolipata mara ya kwanza si wachache mno wala si karibu wote. Anayeandaa masomo ya blokcheni akiiga ya Bell atapata watu wanaokariri amri. Akiiga ya Mazur huenda akapata wakaguzi.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu kuliko yote ni klabu ya kukagua mabadiliko ya Bitcoin Core, iliyoanzishwa mwaka 2019 na mhandisi John Newbery. Bitcoin Core ndiyo programu maarufu zaidi ya kuendeshea nodi ya Bitcoin, nodi ikiwa ni kompyuta inayotunza nakala ya daftari na kuhakiki kila muamala bila kumwamini mtu. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anayetaka kuubadilisha huwasilisha ombi la mabadiliko, ambalo husomwa na kujaribiwa na wengine kabla ya kuingizwa. Maombi yanayosubiri huwa mamia, waandishi ni wengi kuliko wakaguzi, na wenye mamlaka ya kuyaingiza ni wa kuhesabika kwa vidole. Klabu ilijibu upungufu huo kwa njia iliyo rahisi kiasi cha kushangaza: kila wiki lilichaguliwa ombi moja la kweli lililokuwa likisubiri, mwenyeji wa wiki akaandika maelezo mafupi ya usuli pamoja na orodha ya maswali, yakachapishwa mapema, na Jumatano saa 11 jioni kwa saa za kimataifa, ambayo ni saa 2 usiku Nairobi na Dar es Salaam, waliotaka walikutana kwa saa moja kuyajibu.

Mahali pa kukutania palikuwa IRC, mfumo wa gumzo la maandishi matupu uliobuniwa mwaka 1988, ambao kijana wa leo akiuona kwa mara ya kwanza hudhani kompyuta imeharibika. Hakuna picha, hakuna sauti, hakuna alama ya kuonyesha kwamba mwenzako anaandika. Kikao kilianza kwa salamu: kila aliyekuwapo aliandika neno moja la kuonyesha kwamba yupo, hata kama hakukusudia kusema tena. Kisha likafuata swali ambalo kwa kawaida ndilo lililotangulia mengine, nalo ni kama mtu amelikagua ombi na amefikia uamuzi gani, kwa vifupisho ambavyo jumuiya hiyo hutumia: ACK kwa anayekubali, NACK kwa anayekataa, na maneno ya nyongeza ya kubainisha kama amekubali wazo tu au amejenga programu na kuijaribu kwa mikono yake. Baada ya hapo maswali yalipangwa kwa kupanda, kuanzia lile la mabadiliko haya yanafanya nini hadi lile la nini kingevunjika kama mstari fulani ungeondolewa, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kabla ya kuuliza. Maongezi yote yalihifadhiwa na kuwekwa hadharani pamoja na maswali, hivyo aliyelala usiku ule aliweza kuyasoma kesho yake, au miaka mitatu baadaye.

Yapo mambo katika utaratibu huo ambayo ni rahisi kuyaona kama mapambo, kumbe ndiyo nguzo. Ombi lililochaguliwa lilikuwa halijaamuliwa, kwa hiyo hata mwenyeji hakuwa na jibu la mwisho mfukoni. Mara kwa mara mwandishi wa ombi alihudhuria na kusahihishwa mbele ya watu, jambo lililomwonyesha mgeni kwamba kutojua si aibu ya wageni peke yao. Uenyeji ulizunguka, na aliyepewa zamu alilazimika kulielewa ombi kwa kiwango ambacho hakuna mhadhara ungemfikisha, kwa sababu kuandika swali zuri ni kugumu kuliko kulijibu. Zaidi ya yote, kilichofanywa darasani kilikuwa kazi yenye faida nje ya darasa: maoni yaliyopatikana saa 2 usiku yangeweza kuandikwa chini ya ombi lenyewe kabla ya saa 4, na mradi ukanufaika. Gloria Zhao, ambaye alikuwa miongoni mwa wenyeji wa klabu hiyo, mwaka 2022 alikabidhiwa mamlaka ya kuingiza mabadiliko katika Bitcoin Core.

Ubora wa swali unaweza kuonyeshwa kwa kasoro iliyogunduliwa Septemba 2018. Muamala wa Bitcoin hutaja sarafu unazozitumia, na kanuni moja husema kwamba muamala hauwezi kuitaja sarafu ileile mara mbili. Mwaka 2016 mtu mmoja alipendekeza kipimo hicho kirukwe wakati wa kuhakiki bloku, yaani fungu la miamala linaloingizwa daftarini kwa pamoja, kwa sababu kilionekana kurudia kazi inayofanywa mahali pengine na kurefusha muda bure. Pendekezo lilipitiwa na wahandisi wazoefu, likaingia katika toleo la 0.14 la mwaka 2017, na baadaye, mabadiliko mengine yalipoingia, likaacha tundu ambalo mchimbaji mwovu (mchimbaji ni anayeunda bloku mpya na kulipwa sarafu) angeweza kulitumia kuzalisha sarafu kutoka hewani. Toleo la 0.16.3 lililiziba kabla halijatumiwa. Mwenyeji dhaifu atauliza kasoro hiyo ilikuwa nini, na wote watanyamaza au watanakili jibu kutoka mtandaoni. Mwenyeji hodari ataonyesha mstari ulioondolewa na kuuliza: hapo mahali pengine panapodhaniwa kufanya kazi hii ni wapi, na je, pakipewa muamala mmoja wenye sarafu moja mara mbili, patakataa? Swali la namna hiyo humfanya msomaji afungue faili la pili, na la tatu, na hapo ndipo ukaguzi huanza.

Mradi wa blokcheni wa Cardano unatoa picha tofauti, na inafaa ilinganishwe bila upendeleo. Kampuni ya IOHK iliyouanzisha ilichagua lugha ya programu iitwayo Haskell, ambayo wataalamu huisifu kwa uwezo wa kuzuia makosa mapema na ambayo wanafunzi wengi huikimbia kwa sababu inadai namna nyingine ya kufikiri. Kampuni hiyo iliendesha madarasa ya ana kwa ana mjini Athens na Barbados, na mwaka 2019 Addis Ababa, ambako darasa zima lilikuwa la wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Kisha mwaka 2021, uwezo wa mikataba erevu ulipokaribia kuzinduliwa Septemba mwaka huo, mafunzo yalihamia mtandaoni chini ya mwalimu Lars Brünjes, kwa mihadhara ya video iliyo wazi kwa wote. Mihadhara ilikuwa bora kabisa. Kilichowakwamisha watu ni kitu kisichokuwamo katika silabasi: programu za kujengea zilikuwa bado zinabadilika, kila wiki somo lilitegemea toleo jingine la maktaba za msimbo, na mwanafunzi angeweza kutumia siku kadhaa kabla kompyuta yake haijakubali mfano wa wiki ya kwanza.

Hapo ndipo wenza walipoingia bila kualikwa. Waliofaulu kusakinisha waliandika miongozo ya hatua kwa hatua kwa kila aina ya kompyuta, wengine wakaandika muhtasari wa mihadhara, na vyumba vya gumzo vikawa karakana za kutengeneza mashine. Ni rahisi kuiona kazi hiyo kuwa duni kuliko kufundisha nadharia ya mikataba, lakini katika masomo ya wenza usakinishaji ndilo shimo linalomeza wengi, na mhandisi mzoefu ndiye mtu asiyefaa kabisa kulifukia, kwa maana amekwisha kusahau kwamba aliwahi kutumbukia humo. Aliyehangaika nalo juzi ndiye mwalimu wake. Hata hivyo msaada wa aina hiyo una kikomo: kundi likishasakinisha, linahitaji kitu kingine cha kulikusanya, na kwa kuwa mpango ulijengwa juu ya mfululizo wa mihadhara, mihadhara ilipoisha wengi walitawanyika.

Kuhusu uwanja wa mazoezi hakuna haja ya maneno mengi, ingawa kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili ni la mfukoni. Daftari zima la Bitcoin lilikaribia gigabaiti 500 kufikia mwaka 2023, kiasi ambacho hakuna mwanafunzi anayenunua bando la siku atakayekipakua. Halihitajiki. Bitcoin Core ina hali ya majaribio iitwayo regtest, ambamo kompyuta moja huanzisha mnyororo wake mdogo, bila intaneti, na mwanafunzi huchimba bloku kwa kuandika amri moja. Zoezi la kwanza linalofaa kuliko yote ni lile linaloonekana kushindwa: mwanafunzi anachimba bloku moja, anaambiwa kwamba zawadi yake ni sarafu 50, anaangalia salio na kukuta sifuri. Anachimba tena, sifuri. Baadhi hudhani wamekosea kusakinisha. Akifika bloku ya 101, salio linasoma 50, na sasa ana swali lake mwenyewe, ambalo jibu lake ni kanuni kwamba zawadi ya mchimbaji haitumiki mpaka bloku 100 zirundikane juu yake, ili mnyororo ukijipanga upya ghafla pasiwe na watu waliokwisha kulipwa kwa sarafu zilizofutika. Mwenza anayesimamia zoezi hilo ana kazi moja ngumu, nayo ni kunyamaza hadi sifuri ya pili.

Maandishi ya IRC nayo yana faida ileile ya gharama. Mkutano wa video wa saa moja hula bando na hukatika umeme ukikatika. Gumzo la maandishi hupita hata kwenye mtandao uliochoka, na anayejibu kwa Kiingereza ambacho si lugha yake ana nafasi ya kufikiri kabla ya kubonyeza. Kwa upande mwingine, maandishi huficha uso wa aliyepotea. Katika chumba cha darasa mwalimu huona macho yaliyogota. Katika IRC aliyekwama na aliyeelewa wote wawili ni kimya. Ndiyo maana makundi yanayofanikiwa zaidi kwa wanaoanza huchanganya njia mbili: maandishi kwa mjadala mkuu unaohifadhiwa, na kikundi kidogo cha watu wanne au watano wanaozungumza kwa sauti, kwa Kiswahili au lugha yoyote waliyozoea kubishania, siku moja kabla.

Fedha ndizo zinazoharibu mengi. Jumuiya ya blokcheni ina sifa ambayo jumuiya nyingine za programu huria hazina: karibu kila mwanachama anamiliki sarafu inayojadiliwa, na bei yake iko mbele ya macho yake muda wote. Bitcoin ilifikia karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Darasa lililofunguliwa juu ya wimbi la kwanza liliwakusanya wengi waliokuja kutafuta bahati, na wimbi la pili likawaondoa. Waandaaji, badala ya kuuacha upepo huo upite, mara nyingi huualika ndani kwa mpango wa kulipa watu wajifunze, ambapo anayemaliza somo au kuhudhuria kikao hupewa tokeni. Matokeo yake hayahitaji utafiti mkubwa kuyatabiri: mtu mmoja huja na akaunti nne, majibu ya maswali huuzwa, na mwenyeji hugeuka kuwa askari wa mlangoni. Mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha mwaka 1971 jaribio ambamo wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo ya vipande waliyapa muda mchache malipo yalipoondolewa kuliko wenzao ambao hawakuwahi kulipwa. Jaribio hilo limebishaniwa sana tangu hapo, na haifai kulifanya sheria ya maumbile, lakini kwa suala hili linaelekeza mahali sahihi: malipo yakiwekwa mlangoni, huwa ndiyo sababu ya kuingia.

Si kwamba fedha hazina nafasi. Mhandisi wa Kampala au Lagos hawezi kukagua msimbo wa dunia nzima kwa miaka bila kula. Suala ni fedha ziingie lini. Mwaka 2021 Jack Dorsey, mwanzilishi mwenza wa Twitter, na mwanamuziki Jay-Z walitenga bitcoin 500 kwa mfuko uitwao Btrust, ambao bodi yake ilikabidhiwa kwa Waafrika na ambao mwaka 2023 uliuchukua Qala, mpango wa kuwaandaa wahandisi wa Bitcoin barani Afrika. Mantiki ya mfuko wa namna hiyo, na ya mifuko mingine ya ruzuku inayowalipa wakaguzi, ni kwamba mtu hupimwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika hadharani: maombi aliyoyawasilisha, kasoro alizozigundua, maoni aliyoyaandika. Kumbukumbu za vikao vya wenza zinakuwa hapo cheti chenye uzito kuliko karatasi, kwa sababu kila mtu anaweza kusoma mtu huyo aliuliza nini na alibishaje. Panapokuwa na mfuko wa jumuiya unaogawiwa kwa kura za wenye sarafu, kama Project Catalyst ya Cardano, upo mtego mwingine: kura hupenda namba, na mwandaaji wa masomo huvutwa kuahidi wanafunzi elfu moja, ilhali sita waliokaa hadi mwisho wangekuwa na faida zaidi kwa mradi.

Palipo na sarafu pana wezi, na darasa la wageni ni bustani yao. Wa kawaida ni yule anayejitambulisha faraghani kama fundi wa msaada na kumtaka mgeni ataje maneno yake 12 au 24 ya siri, ambayo ndiyo funguo za pochi. Hatari isiyozungumzwa vya kutosha ni ile inayowalenga wanaojifunza kuandika msimbo: tangu mwaka 2023 watafiti wa usalama wameeleza kampeni zinazohusishwa na Korea Kaskazini ambamo mtu hupewa mradi wa kujaribu, kwa kisingizio cha usaili wa kazi, na mradi huo ukiendeshwa huiba pochi zilizomo kwenye kompyuta. Masomo ya wenza hujengwa juu ya tabia ileile ambayo mtego huo huitumia, yaani kuendesha msimbo wa mtu usiyemjua. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kikundi iwe kwamba kompyuta au mashine-pepe ya darasani haiwekwi pochi yenye sarafu halisi hata siku moja, na mwenyeji aonyeshe namna ya kusoma faili za usakinishaji kabla ya kubonyeza chochote. Somo hilo, kwa kweli, ni ukaguzi wa msimbo kwa jina jingine.

Linabaki suala la makosa ya walimu ambao si walimu. Wenza hupotoshana; mmoja akieleza jambo kwa ujasiri, kumi hulichukua. Klabu ya Bitcoin Core ilikuwa na kinga ya kumbukumbu za wazi na ya waandishi wa msimbo kuwapo kikaoni, lakini kikundi cha wanafunzi wa chuo kimoja hakina bahati hiyo, na kinachoweza kufanya ni kuwazoesha wanachama kudai mstari: kila dai kuhusu programu liambatane na faili na mstari wa msimbo, au na jaribio lililoendeshwa. Majaribio mengi ya Bitcoin Core yanayopima mfumo mzima yameandikwa kwa Python, lugha ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vya Afrika Mashariki hukutana nayo mwaka wa kwanza, wakati moyo wa programu umeandikwa kwa C++. Mlango wa kuingilia, basi, upo upande wa majaribio, na kikundi kinachoanzia hapo kinaweza kubishana kwa ushahidi tangu wiki ya pili.

Wanaoachwa nje ya mlango huo ni wengi na hawafanani. Darasa la Addis Ababa la mwaka 2019 na mpango wa Bitcoin Dada, ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 2022 kwa ajili ya wanawake, vinaashiria kwamba uwazi wa jumuiya hautoshi wenyewe kumfanya kila mtu aingie. Chumba ambamo wote hujificha nyuma ya majina ya bandia kinampa mwanamke kinga fulani, na papo hapo kinamnyima mfano wa mtu kama yeye. Saa 2 usiku nayo, iliyo saa nzuri kwa kijana asiye na familia, ndiyo saa ya kupika na kulaza watoto kwa mwingine, na kumbukumbu zilizohifadhiwa humpa nafasi ya kusoma bila kumpa nafasi ya kubisha.

Mzigo mkubwa katika mpango wote huu humwangukia mwenyeji, na ni mzigo ambao waandaaji huuona wakiwa wamekwisha kuchelewa. Saa moja ya kikao hutanguliwa na saa nyingi za kulisoma ombi, kulijaribu na kutunga maswali ambayo si mepesi wala si ya kukatisha tamaa, na mtu mmoja akiachiwa kazi hiyo kila wiki, kikundi kitadumu kadiri ya afya yake na likizo zake. Klabu ya Bitcoin Core ilidumu kwa sababu mwanzilishi aliwaachia wengine uenyeji mapema, wakiwamo watu ambao miezi michache kabla walikuwa wakiandika salamu tu na kunyamaza. Kama kuna fedha za kutumia katika masomo ya wenza, mahali pake panapofaa kuliko zawadi za mahudhurio ni hapo: kumlipa mwenyeji wa wiki kwa maelezo na maswali aliyoyaandika, baada ya kikao, huku maandishi hayo yakibaki wazi kwa kikundi kitakachofuata kuyatumia bila kumwomba mtu.